Vijana wa sarakasi wa Mwanza na njia ya kufika Orlando

Kila nikiweka video ya vijana wetu wa sarakasi wakipandiana mabegani pale mchangani, lazima atokee mtu aulize, sasa hawa mbona hawaendi mashindano ya dunia ya machialida, yaani cheerleading? Na swali ni zuri kweli, kwa sababu ukiwaangalia wale wa Marekani YouTube alafu ukawaangalia hawa wa Mabatini na Igoma wanaoruka bila hata godoro, unaona kabisa mwili upo, moyo upo, kinachokosekana ni kitu kingine. Nimekaa nimesoma kanuni za huu mchezo kwa muda sasa, na naandika hapa nilichoelewa ili tuache kudhani shida ni kipaji.

Tuwekane sawa kwanza. Siongelei wale wa kucheza pembeni ya uwanja timu ikifunga. Ulianzia huko ndiyo, Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1898, mwanafunzi mmoja wa kiume anaitwa Johnny Campbell akasimama mbele ya watu akaanza kuongoza kelele, ila uchialida wa mashindano wa leo ni mchezo unaojitegemea, timu inaingia kwenye mkeka, muziki dakika mbili na nusu, watu wanarushwa hewani, piramidi zinajengwa na kubomolewa, kuna sarakasi za chini, na majaji wanaandika kila kitu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua kwa muda Desemba 2016, ikautambua rasmi Julai 2021. Kwahiyo asije mtu akasema ni mambo ya video za muziki.

Sasa hapo penye utata. Watu wanasema "mashindano ya dunia" kana kwamba ni moja, kumbe ni mawili, yote yamezoeleka kufanyika mwezi wa nne pale Orlando, Florida, kwenye viwanja vya Disney, na njia za kuingia ni tofauti kabisa.

La kwanza ni la mataifa, linaendeshwa na ICU, yaani shirikisho la dunia la uchialida lililoundwa 2004. Hapa klabu haiendi, inaenda nchi, kwa bendera. Kila nchi timu moja tu kwa kila kundi la mashindano, na anayeipeleka ni chama cha taifa ambacho ni mwanachama wa ICU. Hakuna chama hakuna timu, hata kama mna vijana wanaoruka mpaka paa la Rock City Mall. Chama chenyewe kinachaguaje wachezaji ni juu yake, Marekani wao wanafanya majaribio wanachambua mmoja mmoja kutoka klabu mbalimbali, kuna nchi nyingine zinachukua klabu iliyoshinda mashindano ya ndani zinaivalisha jezi ya taifa, basi.

La pili ni la klabu, linaitwa The Cheerleading Worlds, nalo lilianza 2004. Hapa klabu inaenda kwa jina lake, lakini lazima ipate tiketi kwenye mashindano yaliyoruhusiwa kutoa tiketi. Na tiketi zenyewe si sawa, kuna ya kulipiwa gharama, kuna ya kulipiwa nusunusu, na kuna ile ya umefuzu hongera ila nauli na malazi jitegemee. Kwa klabu za Marekani hapo ndo vita ilipo, klabu ni nyingi mno na tiketi zinagombaniwa msimu mzima. Klabu za nje zinapitia mashindano ya kufuzu ya nchi zao au ya ukanda wao, na kila nchi ina kikomo cha timu inazoweza kupeleka.

Ukishaelewa hayo mawili utaona kitu ambacho mimi kilinifanya nikae wima. Mtoto wa Texas ili avae jezi ya taifa lake anapambana na maelfu. Mtoto wa Igoma kwenye njia ya ICU hana wa kupambana naye hapa ndani, nafasi ya Tanzania ni ya Tanzania, Marekani hawawezi kuichukua hata wawe wazuri vipi. Afrika Kusini walilielewa hili mapema, wana chama na wanapeleka timu. Mimi binafsi sijawahi kuona bendera yetu kwenye ule mkeka, na naumia, kwa sababu kinachotuzuia kuanza ni makaratasi, na makaratasi yanaandikika.

Na siyo kwamba mashindano ni kitu kigeni kwetu. Nani asiyejua Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma? Nenda sikukuu ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake na mbwembwe zake, na watu wanakimbilia kule kulikonoga zaidi, aliyevuta umati mkubwa ndo kashinda na hakuna wa kukata rufaa. Vijana wetu wamelelewa kwenye hiyo akili, kwamba unashinda kwa kumshtua mtazamaji. Uchialida hauendi hivyo na hapa ndipo ninapobishana nao kila siku.

Nitolee mfano wa karibu. Kuna kijana mmoja kwenye kundi letu, anakimbia hatua chache kwenye mchanga, anapiga somasoti ya nyuma inatua kama paka, watu wote oyooo. Mzuri mno. Sasa kanuni za uchialida zimegawanywa kwa levo, na levo ya 1 hairuhusu kabisa kupinduka hewani bila mkono kugusa chini, hapo ni kubingirika, gurudumu, daraja za kupinduka taratibu. Levo ya 2 ndo unaruhusiwa kupinduka kwa kupitia mikono kwa kasi. Ile somasoti yake inaanza kuruhusiwa levo ya 3. Kwahiyo timu ikiandikishwa levo ya 1 na yule kijana akaachia somasoti yake katikati ya muziki, ukumbi utashangilia na majaji watakata pointi, kwa sababu amefanya kitu kisichoruhusiwa. Nilipomweleza akaniuliza, "Mwalimu, yaani nikifanya kikubwa zaidi ndo nakosa?" Nikamwambia ndiyo mdogo wangu, kwa sababu levo imewekwa ili asianguke mtu shingo, na kabla hujarushwa juu lazima wanaokudaka wathibitishe wanajua kudaka.

Alafu kuna fomu ya majaji. Ile ya ICU kwa timu za cheer niliyoisoma mimi ina pointi 100, na sarakasi za chini, hizo somasoti tunazojivunia, zimepewa 10 tu! Kunyanyuana kwa vikundi 25, piramidi 25, kurusha mtu kwa mikono ya wenzake 15. Maana yake zaidi ya nusu ya mashindano yako mikononi mwa wale wanaosimama chini, wanaoitwa besi, ambao kwenye video huwaoni usoni. Sisi tunawasifu wanaopaa, ila timu inajengwa na wale wenye mapaja na subira, pamoja na yule wa nyuma ambaye kazi yake yote ni kulinda kichwa na shingo ya aliyeko juu. Tangu nilipoiona hiyo fomu mazoezi tumeyageuza, sasa muda mwingi tunafanya kunyanyua na kushusha, kunyanyua na kushusha, mpaka vijana wanalalamika wamechoka kushushwa.

Pointi 10 nyingine ziko kwenye kuongoza kelele. Kabla ya muziki timu ya taifa inatakiwa ifanye angalau sekunde 30 za kushangilia nchi yake kwa sauti zao wenyewe, na wanahimizwa watumie lugha yao, wakiwa na mabango na bendera. Hebu fikiria hapo. Kiswahili, kwenye ule ukumbi, na vijana waliozoea kuitikia ngoma tangu wadogo! Kama kuna eneo moja ambalo hatuhitaji kufundishwa na mtu ni hilo.

Timu yenyewe ni wachezaji 16 mpaka 24. Chukua hao 16 wa chini kabisa tupige hesabu ya makaratasi tu, kabla ya ndege. Pasipoti shilingi 150,000 kila mmoja, hiyo ni 2,400,000. Ada ya maombi ya viza ya Marekani dola 185 kila mmoja, jumla dola 2,960, na ukinyimwa hairudishwi, na usaili uko Dar kwahiyo weka na basi la kwenda na kurudi na mahali pa kulala. Mama mmoja wa kijana wetu alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, hizo hela tukichangishana hazifiki." Hazifiki mama, nakubali, ndo maana nasisitiza chama. Mfadhili haongei na kundi la mchangani, anaongea na taasisi yenye usajili na akaunti.

Na muziki jamani. Mashindano makubwa siku hizi yanataka uthibitisho kwamba una haki ya kutumia huo muziki, hauwezi tu kuchukua ngoma kali ya Bongo Fleva ukaikatakata. Mwanza studio zipo, maprodyuza wapo, atengeneze mtu biti yetu wenyewe yenye bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma, ndani yake na karatasi ya ruhusa juu, shida imeisha.

Kwahiyo njia ninayoiona mimi ni hii. Vikundi vya Mwanza vikubaliane kwanza, tutafute wenzetu wa mikoa mingine maana chama cha taifa hakiwi cha mji mmoja, tuandike katiba, tuipeleke kwa msajili wa vyama vya michezo kule Baraza la Michezo la Taifa, alafu ndo tubishe hodi ICU. Ule utambuzi wa 2021 unatusaidia hapa, unaingia ofisini ukiwa na mchezo ambao Olimpiki wenyewe wanautambua. Wakati makaratasi yanatembea, vijana wajifunze levo ya 1 na ya 2 kwa usahihi, wakoche wajifunze kudaka na huduma ya kwanza, na mashindano madogo ya ndani yaanze, hata shule mbili tatu za Ilemela na Nyamagana zikutane Jumamosi, kwa fomu ya majaji yenye pointi, siyo kwa makofi.

Godoro nayo tunaitafuta. Mkeka wa mashindano una povu chini yake, sisi tuna mchanga na majani, na kurusha mtu juu kwenye ardhi ngumu mimi sikubali hata waniombe vipi, kwahiyo kwa sasa kwetu hakuna anayerushwa. Kama unafahamu shule au gym yenye mikeka ya mazoezi inayokaa stoo, au wewe ni mwanasheria uliyewahi kuandika katiba ya chama cha michezo, tafadhali nitafute, hivyo vitu viwili ndivyo tunavyovihitaji kabla ya likizo ya Desemba.