Siku moja kazini Kisumu: Java, Kotlin na metodi zinazobatilishwa

Saa mbili asubuhi. Tuktuk kutoka Kondele, kisha kazini. Tunatunza mfumo wa mikopo wa chama cha akiba. Sehemu ya zamani imeandikwa kwa lugha ya programu ya Java, mpya kwa Kotlin, na zote zinaendeshwa na JVM, mashine pepe moja, yaani programu inayoendesha programu nyingine.

Saa tatu. Kijana wa mafunzo ananiita: "Mkuu, klasi yangu ya Java inataka kurithi hii ya Kotlin, kompaila inakataa." Klasi ni kifungu cha msimbo chenye data na metodi, yaani kazi zake; klasi mtoto hurithi za mzazi, na ikiandika upya metodi ya mzazi tunasema imeibatilisha. Kompaila hugeuza msimbo kuwa baitikodi, maagizo ambayo JVM huyasoma. Katika Java, klasi hurithika mpaka aliyeiandika aseme `final`. Kotlin huifunga mpaka useme `open`, nami naunga mkono Kotlin: klasi isiyoandaliwa kurithiwa ifungwe. Anauliza kama kufuli hilo ni la lugha tu. La, alama ya final huingia kwenye baitikodi, na hata ukiipita kompaila, JVM yenyewe itaikataa klasi hiyo.

Saa tano. Sasa tumefika penyewe. JVM haijui Java wala Kotlin. Hutambua metodi kwa jina na deskripta, yaani aina za vigezo (data inayopewa) na aina ya jibu. `hesabuRiba` ya mzazi hurudisha `Number` (namba kwa jumla), ya mtoto `BigDecimal`, aina finyu zaidi ya namba. Kwetu mtoto amebatilisha; kwa JVM hizo ni metodi mbili. Kwa hiyo kompaila hutunga metodi ya daraja: ina deskripta ya mzazi, kazi yake ni kuita ile ya mtoto. Tunafungua klasi kwa `javap -v -p`, chombo cha kuonyesha baitikodi, na hiyo hapo, imeandikwa ACC_BRIDGE. Kijana anaisoma mara ya pili, uso umechangamka.

Saa saba, ngege kwa ugali kando ya ziwa.

Saa nane. Java hukataza metodi inayobatilisha kurusha hitilafu ya kukaguliwa (ile ambayo kompaila hudai itangazwe au idakwe) ambayo mzazi hakuitangaza. Kotlin haina katazo hilo, na JVM haikagui. Klasi yetu ya Kotlin inarusha `IOException`, hitilafu ya kukaguliwa, kupitia intafesi (orodha ya metodi zilizoahidiwa) ya Java isiyoitaja, na upande wa Java ukijaribu kuidaka, kompaila inagoma. Tungeweza kuifunika kwa `UncheckedIOException`, hitilafu isiyokaguliwa. Nachagua kuongeza `throws` kwenye intafesi, kwa sababu hapo ndipo anayeita metodi husoma ahadi.

Saa kumi na moja. Majaribio yanapita. Kijana anauliza kuhusu .NET, jukwaa la Microsoft lenye lugha ya C#. C# hudai `virtual` kwa mzazi na `override` kwa mtoto, na jibu la aina finyu zaidi liliruhusiwa katika C# 9, mwaka 2020, pamoja na .NET 5. Huko waliubadilisha mtambo wenyewe unaoendesha programu, ulitambue jibu hilo.