Kushika Tama Oslo

Nilipanda basi la alfajiri kutoka Göteborg, Sweden, anakoishi mdogo wangu, nikashuka Oslo, mji mkuu wa Norway, baada ya mwendo wa karibu saa nne. Ilikuwa Januari. Jua lilikuwa chini kabisa, kama la magharibi, ilhali hata adhuhuri haijafika. Nikatembea kwenye theluji hadi Makumbusho ya Taifa karibu na bandari, jengo jipya lililofunguliwa 2022.

Nilichokifuata ni ile picha ya Edvard Munch, mchoraji wa Norway, ya mwaka 1893 ambayo kila mtu ameshaiona kwenye simu. Kwa Kiswahili ningeiita Ukunga, yaani yowe. Imechorwa juu ya kadibodi, na ni ndogo kuliko nilivyodhani. Wengi hufikiri yule mtu wa mbele, mwenye mikono usoni, ndiye anayepiga ukunga. Lakini Munch aliandika kwamba alikuwa akitembea na rafiki zake wawili jua likizama, mbingu ikageuka nyekundu kama damu, naye akahisi ukunga mkubwa ukipita katika maumbile yote. Mikono ile basi imeziba masikio. Rafiki zake wanaonekana kwa nyuma, wanaendelea na safari yao.

Watu walikuwa wengi mbele yake, nikasogea pembeni. Hapo nikakutana na picha yake nyingine, Simanzi ya 1892: mwanamume ameketi ufukweni, mkono shavuni. Nilishtuka. Ameshika tama! Bibi yangu kule Muheza hakuvumilia kumwona mtoto amekaa vile. "Shusha mkono, unatuitia msiba." Ukutani mwa chumba kilekile kuna picha iitwayo Majivu: mwanamke amesimama na mikono kichwani, mwanamume amejiinamia kwenye kona. Mikono kichwani! Nani kati yetu asiyeijua? Ukimwona mtu amesimama hivyo mlangoni kwake, huulizi habari za asubuhi, unavua viatu na kuingia.

Wasimbolisti, kundi la wasanii ambalo Munch huhesabiwa nalo, hawakuridhika kunakili kinachoonekana kwa macho. Walitaka mwili useme kilichomo moyoni. Nimesoma maelezo mengi ya jambo hilo, lakini nilielewa siku ile, kwa sababu ya bibi.

Picha iliyonishika zaidi ni Mtoto Mgonjwa, aliyoichora 1885 hadi 1886. Ni karibu mraba, kama mita 1.2 kila upande. Munch alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitano, kwa kifua kikuu. Mwaka 1877 ugonjwa huohuo ukamchukua dada yake Sophie, mwenye miaka 15. Kwenye picha binti mwenye nywele nyekundu ameegemea mto mweupe. Kando yake mwanamke mwenye nguo nyeusi amejiinamia, uso wake huuoni kabisa, unaona utosi tu. Aliyekaa ili achorwe hivyo ni Karen, mdogo wake marehemu mama yao, aliyewalea wale watoto. Yaani mama yao mdogo.

Nilisogea hadi mlinzi akaanza kuniangalia. Mikono yao inakutana katikati ya picha, lakini vidole havipo, ni bonge la rangi tu, kama kitu kilichotazamwa kwa macho yenye machozi. Rangi imekwanguliwa juu hadi chini. Munch aliipaka na kuikwangua tena na tena, kwa muda wa mwaka mzima. Ilipooneshwa 1886, watu waliibeza kwamba haijamalizika. Mimi sioni kingine ambacho angeongeza. Uso wa yule mama ungetupunguzia uzito wa ile shingo.

Mimi pia nimelelewa na mama mdogo. Mama alipougua, yeye ndiye aliyekesha kitandani, na ninachokumbuka ni kisogo chake na ncha ya kanga. Uso wake wa siku zile sina.

Nilitoka nje nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Nikamweleza picha yote: mto, nywele, yule mwanamke alivyoinama. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Na yule mtoto alipona?"

"Hakupona, mama."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia kuku wake kwa mbali. Kisha akaniuliza yule mwanamke aliitwa nani, nikamtajia jina, akalirudia polepole mara mbili.