Pasi ya Tatu

Ijumaa usiku, baridi ya huku Buffalo, Marekani, ikiwa imeanza kuuma masikio, mwanangu alidondosha pasi tatu. Mbili za mwanzo hazikunisumbua sana. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi hadi saa nane.

Kwa mlioko nyumbani: nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Kijana ana miaka 15 na anacheza nafasi ya mpokeaji kwenye timu ya shule. Bibi yake alipoulizia kwenye simu kazi yake ni ipi, nilimwambia anakimbia, anageuka, anadaka. Kotabeki anarusha, yeye anadaka. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na pasi ikigusa nyasi kabla ya kudakwa, jaribio limeliwa na mpira unarudi pale pale ulipoanzia. Ndiyo maana pasi ikidondoka jukwaa zima linaguna kama watu waliomwagikiwa mchuzi.

Ya tatu ilikuja safi kabisa. Hakuna beki aliyemgusa. Ikampiga viganjani, ikaruka juu, ikadakwa na mtu wa upande wa pili. Kocha akamtoa na kumfokea mbele ya benchi zima. Nyuma yangu baba mmoja akasema yule mtoto ana mikono ya mbao. Mwenzake akamjibu kwamba kosa ni la kocha, mtoto keshaanza kutetemeka halafu bado unamrushia? Wakabishana mpaka kipenga kilipolia, bila kujua kwamba mama mtu amekaa mbele yao anatafuna kamba ya jaketi.

Sasa, mimi kudaka nakujua. Nimecheza mpira wa pete Tanga tangu shule ya msingi hadi kidato cha sita, na kabla ya hapo rede mtaani mpaka giza linaingia na mama anaita kwa hasira. Kwenye mpira wa pete mpira hukai nao zaidi ya sekunde tatu, kwa hiyo macho yana tabia ya kutangulia kumtafuta wa kumpa. Hapo ndipo unapoponyoka. Ya mwanangu ilikuwa hiyo hiyo: nilikiona kichwa chake kikigeukia mstari wa mwisho wakati mpira bado uko hewani. Nikahukumu palepale jukwaani kwamba kosa ni lake, na nikaingia kwenye gari na hukumu yangu mfukoni.

Hakusema neno hadi taa nyekundu ya pili. Halafu: "Mama, kocha aliniambia nikidondosha nyingine nakaa benchi. Mpira unakuja, mimi naiwaza hiyo nyingine."

Nikakosa la kujibu, nikaongeza joto la gari.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mwalimu wetu mmoja wa michezo. Kila mpira uliodondoka ulikuwa na bei yake, mzunguko mmoja wa uwanja, saa tisa mchana, jua la Tanga unalijua. Unadhani tulijifunza kudaka? Tulijifunza kujificha. Unajibanza nyuma ya mpinzani, unajifanya umebanwa, ili usipewe mpira. Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine, mama mtu mzima asiyevaa hata raba, akatupanga mbele ya ukuta wa stoo na mpira wa tenisi. Rusha, daka, rusha, daka. Ukidondosha hakukusemesha. Ukiondoa macho kabla mpira haujatulia mkononi, hapo ndipo ulipoisikia sauti yake, na ilikuwa kubwa.

Huko kwa wakubwa ubishi huu una miaka mingi. Januari 1979, kwenye Super Bowl ya 13, yaani fainali ya ligi ya kulipwa, kule Miami, Dallas Cowboys walikuwa nyuma 21-14 dhidi ya Pittsburgh Steelers. Jackie Smith wa Dallas, mzee wa miaka 38 aliyekuwa amecheza misimu 15 St. Louis bila kuwahi kufika fainali hiyo, akabaki peke yake ndani ya eneo la kufungia. Mpira ukamfika, akateleza, ukamtoka. Dallas wakaambulia pointi tatu za teke badala ya saba, na mchezo ukaisha 35-31. Piga hesabu mwenyewe: tofauti ni nne, zile zile nne. Mtu huyu aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo mwaka 1994 kwa kazi yake ya miaka yote, lakini ukilitaja jina lake watu wanaitaja pasi ile kwanza. Roger Staubach aliyeirusha alikiri baadaye kwamba angeweza kuirusha vizuri zaidi. Hakuna anayeikumbuka sehemu hiyo.

Na hapa hapa kwetu, Januari 2025, theluji inaanguka, Baltimore Ravens walikuja kucheza na Bills, timu yetu ya Buffalo. Zikiwa zimebaki dakika moja na ushei, Mark Andrews wa Ravens akaikosa pasi ya pointi mbili ambayo ingesawazisha. 27-25. Jirani yetu wa kutoka Bukavu alipiga vigelegele hadi mtoto wake akaamka. Mimi pia nilishangilia, nisijifanye mtakatifu. Lakini kilichonibakia ni kocha wake, John Harbaugh, kusimama mbele ya waandishi na kukataa kumbebesha mtu huyo mzigo wa timu nzima. Msimu wa mtu ulikuwa umekufa dakika chache tu zilizopita, na bado alimkingia kifua.

Simaanishi kwamba mchezaji hana lake. Anao wajibu. Jerry Rice, ambaye wengi humwita mpokeaji bora kuliko wote, alikulia Mississippi akidaka matofali aliyorushiwa kazini kwa baba yake fundi mwashi, na hakuna kocha aliyemwandikia zoezi hilo. Mikono ina kanuni zake: mpira ukija juu ya kifua dole gumba zikutane, ukija chini vidole vya mwisho ndivyo vikutane. Hayo mwanangu anayajua tangu ana miaka 12. (Zamani kulikuwa na njia ya mkato, walikuwa wakijipaka gundi mikononi, mpaka ligi ikapiga marufuku mwaka 1981. Ningekuwa mwongo nikisema haikunipitia akilini.)

Ila tazama zile tatu moja moja. Ya kwanza ni yake: alizembea. Ya pili pengine ni ya kotabeki, ilikuja chini na kwa nyuma. Ya tatu, kocha naye alikuwa na mkono ndani yake, maana alishakipeleka kichwa cha mtoto benchi kabla miguu haijafika. Wale wababa nyuma yangu walikuwa wakizibishania kama vile ni pasi moja.

Sijamwendea kocha. Baba yake kijana anasema nisimwendee, nitamwaibisha mtoto. Labda. Nilimwandikia ujumbe mrefu Jumamosi asubuhi, nikaufuta.

Jana Jumapili, baada ya ibada, nilichukua kalamu nene nikaandika namba kwenye ncha za mpira wake wa zamani. Tukashuka uani. Mimi narusha, yeye anaisoma namba kwa sauti kabla ya kuuficha mpira ubavuni. Tatu. Saba. Tatu tena. Mkono wangu wa rede bado upo, ingawa bega lililalamika usiku kucha. Alidaka kumi na moja mfululizo bila kugeuka. Ya kumi na mbili ikanitoka vibaya, ikapinda, ikagonga pipa la taka la jirani.

"Hiyo ni yako, mama," akasema, huku anaifuata.

"Ungenyoosha mikono ungeifikia."

"Mama!"

Haya, ilikuwa yangu.