Dawa za Akili Mwezi wa Ramadhani: Ninavyopanga na Wagonjwa Wangu Pemba

Shaabani ikiingia, nawaita wagonjwa wangu wa akili mmoja mmoja, kila mtu na jamaa yake, tukae tupange dawa za mwezi mtukufu. Usipomwita, atajipangia mwenyewe, na wengi hupanga kwa kupunguza: za asubuhi huachwa, za mchana husahauliwa, na usiku humezwa zote kwa mkupuo.

Neno la kufunga au kutofunga silitoi mimi. Sura ya Baqara, aya ya 184, imeshampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, lakini mimi ni muuguzi, si shehe. Nilimwendea imamu wetu mapema, nikamweleza maradhi na dawa bila kutaja jina la mtu, akaniambia mwenye shaka nimpeleke kwake. Hilo limenisaidia kuliko mafunzo mengi niliyohudhuria. Mtu anayeipenda saumu yake ukimkataza kavukavu, hataacha kufunga, ataacha dawa.

Dawa nyingi hazina ugumu. Haloperidoli na olanzapini, daktari akiridhia, aghalabu hunywewa mara moja usiku. Wa sindano ya flufenazini ya mafuta ndio wepesi zaidi, kwani hudumu mwilini wiki kadhaa, na tunawachoma kabla mwezi haujaandama. Kinachonipa kazi ni saa. Amitriptilini na klopromazini huleta usingizi mzito na hushusha presha mtu anapoinuka ghafla. Akizimeza kwenye futari, tarawehe hasimami, na akitoka sijda huenda akaanguka. Akizimeza usiku wa manane, daku inampita na anashinda na kiu zaidi ya saa 13. Wagonjwa wangu wengi wanaelewana nazo baada ya tarawehe tu, kukiwa na mtu wa nyumbani wa kuwaamsha.

Ramadhani moja kijana mvuvi, aliyekuwa akitumia haloperidoli, aliiacha benzheksoli, dawa ya kuzuia madhara ya haloperidoli, kwa sababu inamkausha mdomo na kiu ilikuwa inamtesa. Aliletwa usiku, shingo imepindia bega la kushoto, macho yameganda yakitazama darini, ulimi umejaa mdomoni, mate yanachuruzika. Akili zake timamu, anasikia kila neno, kujibu hawezi. Mama yake ameshika chupa ya kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mjomba anasema kapandwa na shetani. Mama akamgeukia: "Shetani gani huyo, na mwezi huu wote wamefungwa?"

Nilimshukuru kimoyomoyo, maana alinifungulia njia ya kusema. Ila kwanza nilisikiliza pumzi, kwani misuli ya koo nayo hukaza, na hapo ndipo penye hatari. Pumzi ilikuwa safi. Daktari wa zamu akaandika promethazini ya msuli, nikachoma. Haikutimia nusu saa shingo ikarudi mahali pake, kijana akaomba maji.

"Mama," nikamwambia, "huu si ugonjwa mpya wala si jini. Ni dawa imekaza misuli. Ile nyingine ndiyo inayoilegeza, na ndiyo aliyoiacha." Kombe sikulikataa. Ningelikataa, mama angeondoka na kijana na vidonge vikabaki mezani. Daktari akapunguza haloperidoli, akaihamishia kwenye futari pamoja na benzheksoli, kwa kuwa benzheksoli ikinywewa usiku sana huharibu usingizi. Kinywa kikavu cha mchana kikapungua, na kijana akamaliza mwezi na dawa zake.

Nawaomba wauguzi wenzangu wasichanganye hali hiyo na nyingine inayoletwa na dawa za aina ya haloperidoli. Mwili mzima ukikakamaa, pamoja na homa kali, jasho na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya roho. Dozi inayofuata haitolewi na daktari anaitwa hapo hapo. Upungufu wa maji mwilini huongeza hatari yake, kwa hiyo mwezi huu homa ya mtu wa dawa hizi siiti malaria mpaka nimemgusa mikono na shingo.

Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ndiyo inayonikosesha raha. Kwa wagonjwa wengi kiwango tunachotaka kwenye damu ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 sumu inaanza kujionyesha. Maji na chumvi vikipungua mwilini, figo huishikilia isitoke. Nilikuwa na dada mmoja anayeanika dagaa juani kutwa, na kichwa cha mfungo kikimshika hununua diklofenaki dukani, dawa ambayo nayo hupandisha lithiamu. Nilimkuta mikono inatetemeka kuliko kawaida na tumbo linamwendesha. Tulisimamisha dozi, tukampa maji, tukampeleka hospitali ya wilaya akapimwe. Baadaye imamu mwenyewe alikwenda nyumbani kwao kumwambia ale, na akamweleza mumewe habari ya fidia, yaani kulisha maskini badala ya saumu. Kichwa kikiuma sasa anatumia parasetamoli.

Sikukuu nayo ina mambo yake. Siku ya Idd chakula kinarudi mchana, watu wanatembeleana mpaka usiku, na aliyezoea kumeza baada ya tarawehe hana tena tarawehe ya kumkumbusha. Kwa hiyo miadi ya kwanza naiweka wiki hiyo hiyo ya Idd, na kila mtu namwambia aje na pakiti zake, tuhesabu vidonge vilivyobaki na kuandika saa mpya kwenye kadi.