Nani mwenye inchi za miguu yako ndani ya ndege?

Boeing 737-800 za American Airlines zilikuwa na viti 160: 16 vya daraja la mbele na 144 vya daraja la kawaida, yaani safu 24 za viti sita sita. Baadaye ndege zilezile, bila kurefushwa hata kidogo, zikawa na viti 172. Ukiondoa inchi 1 kwenye kila safu, unakusanya inchi 24, ambazo hazitoshi kuweka hata safu moja. Kwa hiyo vyoo vya nyuma navyo vikabanwa, migongo ya viti ikafanywa myembamba, daraja la mbele likachangia kidogo, na safu 2 zikapatikana. Viti 12 zaidi vya kuuza kila safari, kwa marubani walewale wawili na mafuta yanayozidi kwa kiasi kidogo tu.

Kwa nini hawakuishia 150? Jibu liko kwenye kanuni ambayo abiria wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Marekani inadai mhudumu 1 kwa kila viti 50 au sehemu ya 50, na vinavyohesabiwa ni viti vilivyofungwa ndani ya ndege, hata vikiwa vitupu. Viti 150 vinataka wahudumu 3. Kiti cha 151 kinamleta wa nne, na ukishamlipa wa nne huna sababu ya kibiashara ya kusimama kabla ya 200. Mwaka 2007 shirika la JetBlue lilifuata hesabu hiyo kwa upande wa pili: liling'oa safu moja kwenye ndege zake za Airbus A320, viti vikashuka kutoka 156 hadi 150, mhudumu mmoja akapungua, na abiria wakapata nafasi zaidi ya magoti. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya usalama ndiyo iliyowapa starehe. Takriban muongo mmoja baadaye, hesabu ilipogeuka, shirika hilohilo likaanza kuzipandisha A320 zake hadi viti 162.

Nayasema haya kwanza kwa sababu mjadala wa starehe ya ndege huendeshwa kama ugomvi wa dini mbili: wa kwanza wanadai soko huria limetubana, wa pili wanadai serikali ikijitoa kabisa mambo yatanyooka. Msimamo wangu ni kwamba inchi za miguu hupotea pale ambapo mnunuzi hazioni wakati wa kulipa, na hakuna mdhibiti anayezipima. Ushindani wa kweli husaidia sana kwenye nauli. Kwenye inchi hausaidii mpaka inchi zenyewe ziwekwe wazi.

Watu wanaotamani enzi za zamani wanasahau zilivyokuwa. Tangu mwaka 1938 hadi 1978, nauli na njia za ndege ndani ya Marekani zilipangwa na serikali kupitia bodi iliyojulikana kwa kifupi CAB. Katika miaka yote hiyo 40 bodi haikuruhusu hata shirika moja jipya kuingia kwenye njia kuu za nchi nzima. Nauli ikiwa imefungwa, mashirika yalibaki kushindana kwa chakula, kwa idadi ya safari na kwa vikorokoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 American iliweka piano kwenye ukumbi wa ndani wa Boeing 747. Ila starehe kubwa kuliko zote ilikuwa kiti kitupu cha katikati. CAB ilikuwa ikikokotoa nauli kwa kudhani kwamba ni asilimia 55 tu ya viti vitakaliwa, kwa hiyo kila aliyepanda alikuwa analipia na sehemu ya kiti cha jirani ambaye hayupo. Leo ndege za Marekani huruka zikiwa zimejaa kwa zaidi ya asilimia 80. Hata ukirudisha inchi zote zilizokatwa, kiti kile kitupu hakirudi bila nauli kupanda, na mfanyakazi wa kawaida atarudi kwenye basi.

Ushahidi kwamba bodi ilikuwa inawaumiza abiria ulitoka Texas. Shirika lililoruka ndani ya jimbo moja tu halikuwa chini ya CAB, na Southwest ilianza hivyo mwaka 1971, kati ya Dallas, Houston na San Antonio, kwa nauli ndogo sana kuliko za njia za urefu huohuo zinazovuka mipaka ya majimbo. Alfred Kahn, mwanauchumi aliyekabidhiwa CAB mwaka 1977, alisaidia kuivunja bodi aliyoiongoza. Rais Carter alisaini sheria ya kufungua soko tarehe 24 Oktoba 1978, na bodi ikafungwa mwishoni mwa 1984. Nauli kwa thamani halisi zimeshuka sana tangu hapo. Hilo ni jema na sitaki lirudishwe nyuma.

Lakini soko lililofunguliwa lilianza kushindana kwa tarakimu moja tu, ile inayotokea juu ya orodha unapotafuta tiketi. American ilijaribu njia nyingine mwaka 2000: iling'oa maelfu ya viti kwenye ndege zake zote ili daraja la kawaida lipate nafasi zaidi. Abiria waliendelea kuchagua tiketi iliyopungua dola chache, na ndani ya miaka michache viti vikarudishwa. Wengi hulitaja jaribio hilo kuthibitisha kwamba abiria hawajali starehe. Mimi naliona tofauti: abiria alikuwa anaona bei, inchi hazioni. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutolipia kitu ambacho hakikuonyeshwa.

Kodi nayo ina mkono wake. Nauli ya ndani ya Marekani hutozwa kodi ya shirikisho ya asilimia 7.5. Ada ya begi ikitajwa peke yake haitozwi kodi hiyo. Tangu mashirika makubwa yaanze kutoza begi la kwanza mwaka 2008, kila dola inayohama kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada inaliletea shirika nafuu mara mbili: bei ya juu ya orodha inaonekana ndogo, na serikali haipati sehemu yake. Matokeo yake watu hubeba mabegi ndani, makabati ya juu yanajaa, kupanda kunachelewa, na begi la mtu wa mwisho huishia miguuni pake, kwenye inchi zilezile.

Halafu ukaja wimbi la kuungana: Delta na Northwest mwaka 2008, United na Continental 2010, Southwest na AirTran 2011, American na US Airways 2013. Sasa mashirika manne yanabeba takriban asilimia 80 ya abiria wa ndani. Wizara ya Sheria iliupinga mahakamani muungano wa American na US Airways Agosti 2013, ikakubali suluhu Novemba, kwa sharti la kuachia vibali vya kutua na kuruka kwenye viwanja vya Reagan wa Washington na LaGuardia wa New York. Vibali hivi ni mali adimu tangu mwaka 1969, pale serikali ilipoweka ukomo wa safari kwenye viwanja vilivyojaa. Asiye navyo haingii, hata awe na ndege mpya na nauli nusu. Mageti nayo kwenye viwanja vingi yamekodishwa kwa mikataba mirefu kwa mashirika yaleyale. Mashirika ya nje hayaruhusiwi kubeba abiria kati ya miji miwili ya Marekani, wala wageni hawaruhusiwi kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa zenye kura. Huwezi kuliita soko la namna hii huria.

Januari 2024 mahakama ya shirikisho mjini Boston ilizuia JetBlue kuinunua Spirit. Spirit, shirika la nauli za chini, ndiyo iliyokuwa na viti vya kubana kuliko wengi, inchi 28 kutoka kiti hadi kiti. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa haki, kwa sababu kuwapo kwa Spirit kwenye njia kulikuwa kunazishusha nauli za wengine, na asiye na uwezo alipata pa kupanda. Spirit iliomba kinga ya mufilisi Novemba mwaka huo, na tena Agosti 2025. Kuzuia muungano peke yake hakuokoi mshindani mdogo. Anahitaji mageti.

Kuhusu usalama, hapo sina subira. Ndege yenye viti zaidi ya 44 lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanatoka ndani ya sekunde 90, gizani, kwa kutumia nusu tu ya milango. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, iweke vipimo vya chini vya kiti ndani ya mwaka mmoja. FAA ilifanya majaribio Oklahoma City, ikahitimisha kwamba ukubwa wa viti haukuzuia kutoka salama. Lakini waliojaribiwa walikuwa watu wazima wenye afya, wa miaka 18 hadi 60. Hakukuwa na mtoto, hakukuwa na mzee mwenye magoti mabovu. Mwaka 2022 FAA iliita maoni ya umma, yakaja zaidi ya 26,000, na hadi 2025 kipimo kilikuwa bado hakijawekwa. Uingereza iliweka chake tangu 1989, baada ya moto wa ndege uwanjani Manchester mwaka 1985 uliowaua watu 55: inchi 26 kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele. Ni kidogo, lakini ni sakafu.

Kwa anayenunua tiketi leo, fahamu kwamba inchi zinazotangazwa hupimwa kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta hiyohiyo ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo umo ndani yake. Kiti chembamba cha inchi 30 kinaweza kuyapa magoti nafasi sawa na kinene cha inchi 31. Upana hauna ujanja wa namna hiyo, kwa hiyo hesabu viti vya safu kwenye ramani ya ndege. A320 na 737 zote zina viti 6, lakini A320 ni pana zaidi, na kiti chake hukaribia inchi 18 dhidi ya 17 hivi. Boeing 777 yenye viti 9 kwa safu ni tofauti kabisa na yenye 10. Boeing 787, ambayo Kenya Airways inaitumia kati ya Nairobi na New York tangu Oktoba 2018, ina viti 9. Japan Airlines ndiyo iliyobaki na 8 kwenye safari zake za kimataifa. Kwa safari ya nusu siku na zaidi, tofauti hiyo utaihisi mabegani kabla ya kuihisi miguuni. Viti vya safu iliyo mbele ya mlango wa dharura mara nyingi migongo yake hailali, na vya safu ya mwisho kabisa vilevile.

Ndege ya kwenda, kutoka au ndani ya Marekani ikifutwa, au ikisogezwa kwa saa 3 kwa safari za ndani au saa 6 kwa za nje, nawe ukakataa mbadala, kanuni ya 2024 inakupa haki ya kurudishiwa fedha kwa njia uliyolipia. Usikubali vocha kama huitaki.

Tangu Januari 2012 mashirika yanalazimika kuonyesha bei pamoja na kodi zote tangu tangazo la kwanza. Yalipinga kanuni hiyo hadi mahakamani yakashindwa, na leo yanaifuata kila siku. Mkono huohuo wa serikali unaweza kuagiza inchi za urefu na upana ziandikwe pembeni ya nauli, kwa ukubwa uleule wa herufi.