Waya Wenye Vichwa Viwili

Juzi mwanangu, katika kupekua droo akitafuta chaja, aliibuka na waya mfupi mweusi akauliza, "Baba, mbona huu una vichwa viwili upande mmoja?" Nilidhani ningemjibu kwa sentensi moja, lakini nilipoushika tu nilijikuta katika usiku ule wa Oktoba 2009, nimeinama juu ya meza, kidole kimekandamiza kitufe cha Option cha kompyuta yangu ya Mac kana kwamba nikikiachia roho ya mtu itatoka.

Kosa lilikuwa langu. Niliitia Mac yangu mkobani kabla haijalala, diski yake ingali ikizunguka, nikashuka ngazi mbiombio. Nilipoiwasha nyumbani skrini ilibaki ya kijivu, na katikati yake folda ndogo yenye alama ya kuuliza ikawa inatokea na kutoweka. Maana yake ni kwamba kompyuta imetafuta mfumo endeshi wa kuiamsha na haikuuona popote.

Nilichokuwa nacho ni diski ya nje ya Shemeji. Alikuja nayo mwezi Machi, nami siku hiyo nilimcheka, kwa kuwa niliamini kuweka nakala ni kuburuta mafaili kutoka hapa kwenda pale. Alinieleza kwa subira kwamba mafaili peke yake hayaamshi kompyuta: diski ya kuwashia haina budi kubeba mfumo mzima, pamoja na yale mafaili yaliyofichwa ambayo mtu haoni hata akiyatafuta, tena iwe imegawanywa kwa mpangilio wa GUID, ambao ndio wa Mac zenye prosesa ya Intel. Akaiacha programu ya kunakili ifanye kazi yake usiku kucha, na asubuhi akaniagiza, "Shemeji, kila mwezi urudie." Nikamwitikia vizuri sana.

Usiku ule, basi, niliichomeka diski, nikawasha kompyuta huku nimekandamiza Option, nikangoja orodha ya diski. Haikuja. Niliinamisha sikio: ndani ya kile kiboksi kitu kilijaribu kuzunguka, kikatoa mlio mdogo kama wa mtu anayesafisha koo, kikanyamaza, kisha kikaanza upya. Nilikaa kimya nikiusikiliza mlio ule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, nikiamini kwamba sasa diski mbili zimenifia kwa siku moja. Ndipo macho yakaangukia kichwa cha pili cha waya, kinaning'inia ukingoni mwa meza bila kazi. Diski zile ndogo hazikuwa na adapta yake. Zilinyonya umeme kutoka kwenye kompyuta, na tundu moja la USB 2.0 liliahidi miliampea 500 tu, ilhali diski huhitaji umeme mwingi zaidi wakati ule hasa inapoanza kuzunguka. Nikakichomeka. Mlio uligeuka mvumo laini usiokatika, na polepole, katika skrini ile ya kijivu, ikajitokeza aikoni moja ya rangi ya machungwa.

Ilichukua dakika nyingi kuamka. Ilipoamka ilikuwa imeamka mwezi Machi. Picha ya nyuma ilikuwa ile niliyokwisha kuibadilisha, barua pepe ya mwisho ilikuwa ya mtu niliyekwisha kumjibu, na tafsiri niliyokuwa nikihangaika nayo mwaka mzima ilikoma katika sura ya tatu. Saa peke yake, kwenye pembe ya juu, ilisema kweli, kwa sababu saa haikai kwenye diski bali kwenye bodi ya kompyuta yenyewe. Sijui kwa nini jambo hilo lilinichoma kuliko kurasa zilizopotea.

Nilifanya kazi hivyo kwa siku 19, hadi nilipopata diski mpya ya ndani na kuirudishia kila kitu. Siku hizo zote hakuna aliyeruhusiwa kuegemea meza ile, maana waya ukichomoka ilhali mfumo unatembea, kompyuta huganda papo hapo. Sura zilizopotea nilizitafsiri upya usiku. Huenda zilitoka bora zaidi. Huenda hilo nalijiambia tu.

Shemeji alipouliza kama nakala yake ilinifaa, nilimwambia iliniokoa, na huo haukuwa uongo. Alipouliza kama kazi yote ilikuwemo, nilisema ndiyo. Tangu hapo kisa hiki hukisimulia yeye, kila tukikutana, nami huitikia kwa kichwa.

Mwanangu alikuwa bado anangoja jibu. Nilimwambia kwamba kichwa kimoja hupitisha data na umeme, na cha pili huongeza umeme tu. Akauliza kama Mjomba anaweza kumweleza zaidi. Nikamwambia aurudishe waya drooni.