Kurudi Kwenye Dema kwa GPS: Nilivyounganisha Kipokezi na Arduino

Mjomba wangu hutega madema, yaani mitego ya samaki, upande wa Kigamboni. Mahali dema lilipo hupashika kwa alama za nchi kavu: mnazi huu uangaliane na mnara ule, na upande wa pili paa la nyumba fulani lichomoze nyuma ya miti. Mvua ikifunga, alama zote hazionekani. Nikaona nimtengenezee kidude: akishusha dema abonyeze kitufe, kesho kimwambie liko wapi.

Nilinunua kipokezi cha GPS, moduli ya u-blox NEO-6M, ile yenye antena ya kauri ya mraba. Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, nilikuwa nayo. Mjomba aliitazama akauliza, "Sasa hii itaongea na setilaiti kwa vocha ya nani?"

"Haiongei, mjomba. Inasikiliza tu, kama redio."

Na hapo ndipo watu wengi hukosea kuielewa GPS. Setilaiti haikujui wala haikutafuti. Ziko juu takriban kilomita 20,200, kila moja ina saa za atomiki, na kazi yake ni kutangaza: saa hizi ni ngapi, na mimi niko wapi. Tangazo likitoka utosini hufika kwa takriban sekunde 0.067. Kipokezi hupima ucheleweshaji huo na kuugeuza kuwa umbali. Tatizo ni kwamba saa ikipotoka kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300, na saa ya moduli ya bei poa haiwezi usahihi huo. Kwa hiyo zinahitajika setilaiti nne, si tatu: tatu za kupata latitudo, longitudo na kimo, ya nne ya kuisahihisha saa ya kipokezi chenyewe.

Nyaya zilikuwa tatu tu. VCC (ya kuingizia umeme) kwenye 5V (bodi ya moduli yangu ina kipunguza umeme chake, ya kwako ihakikishe kwanza), GND (ya kurudishia umeme) kwa GND, na TX ya moduli, inayotoa data, kwenye pini 4 ya Uno. RX ya moduli, inayopokea data, niliiacha wazi, kwa kuwa sina la kuiambia, na hivyo nikaepuka kuipelekea volti 5 pini inayotaka 3.3. Pini 0 na 1 za Uno sikuzigusa, maana ndizo zinazotumiwa na USB. Nikatumia SoftwareSerial, programu inayoifanya pini ya kawaida ipokee data, kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde.

Ushauri wangu: usikimbilie maktaba za kodi, yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Kwanza chapisha kwenye skrini kila herufi inayotoka, uisome kwa macho. Ndani ya nyumba yenye bati nilipata mistari iliyojaa mikato mitupu, na herufi V, yaani mahali hapajapatikana. Nilipotoka uani na kuitulizia moduli juu ya kiti cha plastiki, taa yake ikaanza kuwaka na kuzima kila sekunde, V ikawa A. Hapo inataka subira kidogo, kwa sababu kila setilaiti huchukua nusu dakika kumaliza kutangaza njia yake, na ukikatisha kwa kivuli cha ukuta inasubiri duru nyingine.

Baadaye, baharini, mstari ulisomeka hivi:

$GPRMC,063215.00,A,0651.23410,S,03922.51830,E…

Namba ya kwanza, 063215, ni saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa; ongeza tatu upate 9:32, saa tatu na nusu hivi asubuhi. Namba ya latitudo nayo ina mtego: 0651.23410 si nyuzi 6.51. Ni nyuzi 6 na dakika 51.2341. Gawa dakika kwa 60, weka alama ya kutoa kwa sababu ya S, unapata -6.853902. Anayesogeza nukta tu, kwa latitudo na longitudo, atajikuta kilomita 41 kutoka hapo, katikati ya mkondo wa Zanzibar.

Nilipokwisha kuelewa hayo ndipo nikaingiza maktaba ya TinyGPS++, ambayo hufanya hesabu hizo yenyewe na kutoa umbali na uelekeo hadi pointi nyingine. Kwenye programu usiweke delay (amri ya kusubiri) ndefu. Kwa spidi ya 9600 zinaweza kuingia herufi 960 kwa sekunde, na SoftwareSerial inahifadhi 64 tu. Zilizobaki zinamwagika na mstari unakuja umekatika.

Pointi nazihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya Uno isiyofutika umeme ukizimwa, kama namba nzima, baiti nne kwa latitudo na nne kwa longitudo. Uno ina baiti 1,024, kwa hiyo zinatosha pointi 128, madema mengi kuliko atakayowahi kuwa nayo mjomba. Kila kitu kimo kwenye kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, antena ikitazama juu. Plastiki haizuii mawimbi.

Kitu kimoja kinamkera mjomba. Chombo kikisimama, uelekeo wa chombo unaoonyeshwa unayumba ovyo, kwa sababu GPS haina dira. Uelekeo inaukokotoa kutokana na mwendo. Kwa hiyo anakwenda kwa alama zake za zamani hadi karibu, kisha anatazama namba ya umbali tu. Ikishuka chini ya mita tano anazima injini, anaanza kutafuta boya kwa macho.